Mzunguko, Duru na Mapito: Istilahi za Mashine za Chuma Ziongozwazo kwa Tarakimu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maneno machache yahitajikayo ili kueleza kwa Kiswahili jambo moja la ufundi wa vyuma, nalo ni kupunguza muda ambao mashine huutumia kukamilisha kipande kimoja kwa kuipangia vizuri zaidi mahali pa kupita. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Lakini mwongozo wa mashine hufasiriwa na mfasiri, somo lake hufundishwa na mwalimu, na hati ya kuiagiza huandikwa na mtumishi wa serikali au wa shirika la umma. Watatu hao wakikosea neno, hasara humwangukia fundi asimamaye mbele ya mashine.

Neno likosewalo zaidi ya mengine ni mzunguko.

Tuchukue sentensi hii, ambayo niliikuta katika rasimu ya tafsiri niliyopewa kuihakiki: "Ili kuongeza idadi ya vipande kwa siku, punguza muda wa mzunguko." Kisarufi haina kosa, na msomaji aliye ofisini ataipita bila kusita. Lakini kwa fundi mkerezaji mzunguko ni kitu anachokiona kwa macho: ni kule kugeuka mara moja kamili kwa chuma kilichobanwa katika mashine. Kasi ya mashine yake huhesabiwa kwa mizunguko kwa dakika. Kumwambia apunguze muda wa mzunguko ni kumwambia afanye kila mgeuko uchukue muda mfupi zaidi, yaani aizungushe mashine kwa kasi zaidi. Mwandishi wa asili hakusema hivyo hata kidogo. Alikuwa akizungumzia muda wote tangu mashine ianzapo kazi ya kipande hadi iimalizapo, na kurasa zilizofuata zilieleza namna ya kuupunguza pasipo kuigusa kasi hiyo.

Ili uzito wa kosa hili uonekane, yafaa kwanza tuieleze mashine yenyewe. Katika mashine ya kukereza ya kawaida, fundi huzungusha magurudumu kwa mikono yake, moja likikisogeza kikatio kuelekea kwenye chuma, jingine likikipeleka sambamba na chuma hicho. Katika mashine iongozwayo kwa tarakimu, ambayo mafundi wetu huiita sienisi kwa kuzitamka herufi CNC, kazi ya mikono hufanywa na mota, nazo mota hutii amri zilizoandikwa mapema. Fikra hii ina umri. John Parsons wa Marekani aliishughulikia katika miaka ya 1940 alipokuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na mwaka 1952 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilionyesha hadharani mashine iliyosoma amri zake katika utepe wenye matundu. Utepe umekwisha kazi na kompyuta imeshika nafasi yake, lakini umbo la amri halikubadilika sana. Amri ya G00 hukipeleka kikatio mahali fulani kwa kasi yote ambayo mashine inaiweza, bila kukata. Ile ya G01 hukipeleka kwa mstari ulionyooka kwa kasi aliyoitaja mpangaji, ambayo ndiyo kasi ya kukatia. G02 na G03 ni za mapinde, moja kwa kufuata mwendo wa saa na nyingine kinyume chake. Yule aziandikaye amri hizo ndiye aamuaye kikatio kipite wapi, na kwa hiyo ndiye aamuaye muda.

Katika miji yetu mashine za jamii hii huonekana siku hizi zikichonga milango ya mbao na kukata mabati ya mageti, mbali na zile za kukereza chuma. Kwa Nyanda za Juu Kusini, penye msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill na mashine za kusaga nafaka karibu kila kijiji, si vigumu kukisia kwamba kazi zake hazitakosekana. Mtu aweza kuwa na mashine moja tu, ya mkopo, na siku yenye saa zile zile 24. Hapo tofauti ya dakika katika kila kipande ndiyo tofauti ya kulipa deni au kutolipa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme fundi anataka kukereza shafti ya mashine ya kusaga mahindi. Nondo ina kipenyo cha milimita 60, nayo inatakiwa ibaki na kipenyo cha milimita 40 kwa urefu wa milimita 200. Kila pito linaondoa milimita 2 za kina, yaani milimita 4 za kipenyo; hivyo mapito matano yanahitajika. Mashine inazunguka mara 500 kwa dakika, na katika kila mzunguko kikatio kinasogea milimita 0.25. Kwa hiyo kinasafiri milimita 125 kwa dakika, na kila pito la milimita 200 linachukua sekunde 96. Kukata peke yake, basi, ni dakika 8.

Mwanafunzi aliyezoea mashine ya mikono ataandika amri zake kama mikono yake ilivyozoea. Atakianzisha kikatio milimita 50 kabla ya chuma, akilete kwa mwendo wa kukatia, akate, kisha akirudishe milimita zote 250 kwa mwendo ule ule. Kuja kunachukua sekunde 24, kukata 96, na kurudi 120. Jumla ni sekunde 240 kwa pito moja, na dakika 20 kwa mapito matano. Mpangaji mwingine atakileta kikatio kwa G00 hadi milimita 2 tu kabla ya chuma, na atakirudisha kwa G00. Ikiwa mwendo huo wa kasi ni mita 5 kwa dakika, pito zima litachukua takriban sekunde 100 na nusu, na kazi yote itakwisha kwa dakika 8 na sekunde 23. (Nimeziacha kando sekunde chache za kikatio kujitoa kwenye chuma, hazibadilishi hoja.) Chuma kilichokatwa ni kile kile, kasi ya mzunguko ni ile ile, na kikatio hakikuongezewa mzigo wowote.

Na yule aliyesoma "punguza muda wa mzunguko" akatii? Ataiacha programu ya kwanza kama ilivyo, apandishe kasi ya mashine kutoka mizunguko 500 hadi 1,000. Dakika 20 zitakuwa 10. Atafurahi, ingawa bado atakuwa nyuma ya mwenzake kwa zaidi ya dakika moja na nusu katika kila shafti. Kisha kikatio kitaanza kufa. Frederick Taylor wa Marekani alikwisha kuonyesha mwaka 1906, baada ya majaribio ya miaka mingi, kwamba umri wa kikatio hupungua upesi mno kasi ya ukataji iongezwapo. Kwa vikatio vya kabidi kipeo kitumikacho katika kanuni yake huchukuliwa mara nyingi kuwa karibu na 0.25, kwa kipeo hicho, kasi ikiongezwa maradufu umri hupungua mara 16. Kikatio ambacho kingemaliza siku nzima kitahitaji kubadilishwa kila baada ya nusu saa. Hiyo ndiyo bei ya neno moja.

Kwa hiyo napendekeza tuliachie neno mzunguko maana yake ya karakana, na muda wa kazi moja ya mashine, tangu amri ya kwanza hadi ya mwisho, tuuite muda wa duru. Najua kwamba duru nayo ina asili ya kuzunguka katika Kiarabu. Lakini katika Kiswahili cha leo maana yake imekwisha kuhama: tunasema duru ya kwanza ya mashindano, duru ya pili ya uchaguzi, na kila mtu huelewa kwamba ni jambo lenye mwanzo na mwisho ambalo laweza kuanza tena. Hakuna fundi atakayeshika kitufe cha kasi kwa kusikia neno duru. Pale mwongozo unapohesabu pia muda wa kukifunga kipande, kukifungua na kukipima, hiyo ni dhana nyingine, na itafaa iitwe muda wa kipande. Vitabu vingi vya kigeni huzichanganya dhana hizi mbili chini ya neno moja. Sisi hatulazimiki kuufuata mkanganyiko wa watu wengine, ila mfasiri atalazimika kusoma aya nzima kabla ya kuchagua.

Ipo dhana ya tatu ijificha chini ya neno hilo hilo la kigeni. Mashine nyingi huwa na amri moja ambayo, ikitajwa, hutekeleza mfululizo mzima wa miendo. Kwa mfano G71, ambayo katika mashine nyingi za kukereza hutayarisha yenyewe mapito yote ya kukata kwa ukwaru hadi karibu na umbo litakiwalo. Katika rasimu niliyoitaja, hii nayo iliitwa mzunguko. Mimi ningeiita fungu la amri, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Tuje kwenye mapito. Wafasiri wengi huandika njia ya kikatio, na wengine njia ya ukataji. Hilo la pili halifai, maana njia kwa Kiswahili ni pa kupitia na pia ni namna ya kufanya jambo. "Kuboresha njia ya ukataji" kutasomwa kuwa ni kutafuta namna bora ya kukata: labda kwa moto, labda kwa msumeno. Mapito hayana utata huo. Tena yanatupa faida ya umoja wake: pito ni safari moja ya kikatio juu ya chuma, kama nilivyolitumia katika hesabu ya hapo juu. Mtu aweza kuuliza kama mapito matano hayatachanganywa na mapito kwa maana ya mchoro mzima wa safari. Yawezekana. Hata hivyo idadi ikitajwa maana hujitenga, na pasipo idadi ni mchoro mzima. Naliona tatizo hili kuwa dogo kuliko lile la njia.

Katika mapito ni lazima tutofautishe mwendo unaokata na usiokata, kwa sababu faida yote ya hesabu yetu ilitoka katika huu wa pili. Hapa ofisi ya istilahi haina la kubuni. Katika karakana moja ya Mlandege, mjini Iringa, nilimsikia fundi akimwonyesha kijana wake kikatio kilichokuwa kikirudi polepole bila kugusa chuma. "Unaona? Hapo inatembea tu, haili." Kula ndilo neno lao: kikatio kinakula milimita mbili, kinakula vizuri, kimegoma kula. Nimeandika mwendo wa ukataji na mwendo mtupu kwa ajili ya vitabu, lakini mwalimu atakayesema darasani mwendo wa kula hatakuwa amekosea, na pengine ataeleweka upesi zaidi kuliko mimi.

Wapo waliojenga juu ya msemo huo wakasema kwamba, kama kikatio kinakula, basi neno kulisha lafaa kwa ule umbali ambao kikatio husogea katika kila mzunguko. Ndipo tulipopata "kiwango cha kulisha", istilahi iliyomfanya mwanafunzi mmoja aulize mashine hulishwa mafuta au maji. Kikwazo ni kwamba haijulikani nani humlisha nani. Katika mashine ya kukereza kikatio hukifuata chuma. Katika nyingi za milingi, kama mafundi waziitavyo, chuma ndicho kiletwacho kwenye kikatio kinachozunguka. Neno msogeo linazibeba hali zote mbili. Mafundi wenyewe husema fidi, nami sioni sababu ya kulifukuza neno hilo karakanani. Ila utaratibu wetu wa kutafuta kwanza katika hazina ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kukopa mbali, unatosha hapa bila kulazimishwa.

Lakini msogeo usiandikwe peke yake kamwe. Upo msogeo kwa mzunguko na upo msogeo kwa dakika, na mashine hupokea wowote kati ya hizo kwa kadiri ilivyoamriwa. Mashine ikiwa imewekwa katika msogeo kwa dakika, kisha ikapewa ile 0.25 ya shafti yetu, pito moja la milimita 200 litachukua dakika 800, ambazo ni zaidi ya saa 13. Huko ni kupoteza siku tu. Kinyume chake ni hatari: 125 iliyokusudiwa iwe ya dakika, ikisomwa kuwa ya kila mzunguko, itakirusha kikatio ndani ya chuma kabla fundi hajawahi kitufe cha kusimamisha. Mfasiri anayeona kwamba "kwa dakika" limerudiwa mno katika ukurasa, akalifuta ili kupendezesha lugha, anafuta kinga.

Kwa mashine za milingi kuna jambo jingine lenye kudai neno. Tuseme kikatio chenye kipenyo cha milimita 20 kinachonga shimo la mraba, kikipita kando ya ukuta na kuula milimita 2. Sehemu ya duara lake inayogusa chuma ni pembe ya nyuzi 37 hivi. Kikifika kwenye kona, ukuta wa mbele nao huingia kinywani mwake, na pembe hiyo hupanda ghafla hadi karibu na nyuzi 127. Hapo ndipo mashine hulia na vikatio huvunjika. Mpangaji mwoga huuchagua msogeo uwezao kuvumilika kwenye kona, kisha huutumia kwa kazi nzima, hata kwenye sehemu ndefu zilizonyooka. Programu za siku hizi huyapanga mapito kwa mapinde mengi madogo ili pembe ya mgusano isibadilike sana. Msogeo basi waweza kupandishwa kote. Mapito hurefuka, na duru hufupika. Mfasiri asiyelijua hili hulikuta limeandikwa, hudhani mwandishi ameteleza, na "humsahihisha". Ndiyo maana napendekeza neno mgusano liingizwe pamoja na maneno mengine, ingawa si kila orodha ya kigeni hulitaja: bila hilo sababu haielezeki, na pasipo sababu sentensi huonekana kuwa ni kosa.

Nimalizie na neno ambalo tafsiri yake ilinichekesha kabla ya kunitia hofu. Kikatio kinapohama kutoka tundu moja hadi jingine huinuliwa kwanza hadi kimo fulani, ili kisigonge vibano vinavyokishikilia kipande. Neno la Kiingereza kwa nafasi hiyo hutumika pia forodhani, na rasimu moja ilikiita "kimo cha kibali". Mimi ninakiita kimo cha usalama. Kimo hiki nacho hula muda. Ukikiweka milimita 50 badala ya 5, kisha ukakishusha kikatio kwa mwendo wa kutobolea wa milimita 100 kwa dakika, unaongeza sekunde 27 kwa kila tundu. Kwa matundu 40 ni dakika 18. Kwa hiyo kila mwongozo utahimiza kishushwe. Lakini ni mtu aliyevihesabu vibano vyake tu awezaye kukishusha, na neno usalama ndani ya istilahi humkumbusha hivyo kila alisomapo. Kibali humwambia kwamba amekwisha kuruhusiwa.

Limebaki neno ambalo sijaridhika nalo. Mapito yakishachorwa katika kompyuta hupitishwa katika programu nyingine iyageuzayo kuwa amri za mashine mahususi, kwa sababu mashine za viwanda mbalimbali, ijapokuwa zote hutumia G, hazitumii lahaja moja. Mafundi huiita postiprosesa. Kigeuzi ni finyu, kwa kuwa hutumika tayari katika mambo ya umeme. Mkalimani lingeifaa kazi yake barabara, ila huingia katika ngeli ya watu, na sijui kama walimu watakubali kuiambia mashine "mkalimani amekosea". Wasomaji walio vyuoni na karakanani, hasa wa Iringa na Mbeya, ambao wameliona neno likitumika, naomba waandike kwa mhariri watuambie wao husemaje.